Samaki wa Qalhat na Kipimo cha Njaa

Katika mchezo wa Minecraft, samaki mbichi humrudishia mchezaji pointi 2 za njaa; samaki yule yule akipitishwa kwenye tanuri humrudishia 5. Tanuri huimaliza kazi hiyo kwa sekunde 10, na moto wa kambi kwa sekunde 30. Mchezaji hajui samaki huyo ana ladha gani, wala hana haja ya kujua. Anachokitazama ni safu ya vipaja 10 vya kuku iliyopangwa chini ya kioo, ambayo hupungua kadiri anavyokimbia, anavyoruka na anavyopigana. Safu ikijaa, huendelea na shughuli zake. Ikiisha, uhai wake huanza kumong'onyoka.

Utaratibu huu, ulioingizwa katika mchezo huo mwaka 2011, umekuwa sarufi ya aina nzima ya masimulizi. Don't Starve, uliotoka mwaka 2013, ulikwenda mbali zaidi kwa kumpa mchezaji sufuria inayopokea viambato vinne, na chakula kinachobadilika rangi kutoka kijani hadi manjano hadi chekundu kadiri kinavyooza. The Long Dark, uliotoka rasmi mwaka 2017, unahesabu kalori moja moja katika theluji ya kaskazini mwa Kanada, na humlazimu mchezaji ayeyushe theluji na kuichemsha kabla ya kunywa. Kufa humo, katika hali ya kunusurika, kwa kawaida ni kufa kweli: mchezo hufuta kilichohifadhiwa. Michezo hii huitwa ya kunusurika, na wengi wanaoicheza hukaa nayo kwa saa nyingi kuliko watakazowahi kukaa na riwaya yoyote. Mhakiki wa fasihi anayeipuuza kwa kuwa ni michezo anajinyima kusoma moja ya tanzu za kisimulizi zinazosomwa sana leo, hata kama wasomaji wake hawajiiti wasomaji.

Njia moja ya kuisoma ni kuiweka kando ya simulizi nyingine ya njaa na kiu, kongwe zaidi, inayoishia kwenye sahani ya samaki.

Kaskazini ya Sur, katika pwani ya Omani, yapo magofu ya mji wa Qalhat. Kinachosimama zaidi humo ni kaburi la kuba linaloitwa la Bibi Maryam. Kuta nyingine nyingi zimelala. Mji huu ulikuwa bandari kubwa ya utawala wa Hormuz hadi Wareno wa Albuquerque walipouvamia na kuuchoma mwaka 1508, na mwaka 2018 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ibn Battuta alifika hapo akitokea pwani ya Waswahili, baada ya kuzuru Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Kitabu chake, Rihla, alikisimulia Fez kwa mwandishi Ibn Juzayy, na kilikamilika mwaka 1355. Zaidi ya miaka 20, basi, ilikuwa imepita tangu aonje samaki wale, na bado aliwakumbuka.

Aliwafikiaje? Chombo kilikuwa kimetia nanga Sur. Kutoka hapo aliuona mji wa Qalhat umekaa mteremkoni, ukaonekana u karibu. Kwa kuwa alikwishachoshwa na watu wa chomboni, aliamua kwenda kwa miguu, yeye na mwenzake mmoja kutoka India, wakamkodi kiongozi awabebee nguo. Kiongozi akawapeleka kwenye hori la bahari akitaka walivuke; msafiri akashuku kwamba anataka kuwazamisha ili abaki na mzigo, akamtikisia mkuki. Walipanda juu hadi wakapata mahali pa kuvuka, wakajikuta jangwani pasipo na maji. Kiu iliwazidi hadi akatokea mpanda farasi na wenzake, mmoja wao ana kiriba, wakanyweshwa. Mji uliodhaniwa u karibu ulikuwa nyuma ya makorongo baada ya makorongo. Usiku walilala chini ya migunga. Au tuseme mwenzake alilala, kwani msafiri alikesha ameushika mkuki. Alipoingia Qalhat miguu ilikuwa imevimba ndani ya viatu kiasi kwamba damu ilikaribia kutoka chini ya kucha. Bawabu wa mlangoni hakumwacha apite hadi ampeleke kwa liwali, na liwali, aliyekuwa mtu mwema, alimweka kwake siku sita kwa sababu hakuweza kusimama.

Mchezaji yeyote wa The Long Dark atayatambua mambo haya mara moja: umbali unaodanganya macho, kiu inayotangulia njaa, usiku usiolalika, kiungo kinachougua. Kinachofuata, hata hivyo, hatakitambua. Ibn Battuta anasema kwamba samaki aliowala katika mji huo hakuwahi kuwala mfano wao katika nchi yoyote, kwamba aliwapenda kuliko nyama zote, na kwamba hakula kitu kingine. Anaeleza namna wanavyopikwa: huchomwa juu ya majani ya miti, huwekwa juu ya wali, ndipo huliwa. Mchele, anaongeza, huletwa kutoka India.

Huyu hakuwa mtu wa kushangazwa na wali. Mogadishu alikuwa ameandaliwa wali uliopikwa kwa samli, pamoja na vitoweo, ndizi zilizopikwa kwa maziwa na achari za ndimu. Wala samaki hawakuwa wageni kwake; chomboni, tangu mkate aliouchukua Dhofar ulipokwisha, alikuwa akila samaki na tende tu. Kwa hiyo sifa ya samaki wa Qalhat haitokani na uchache wa alivyowahi kula. Inaelekea inatokana na makorongo. Ladha katika ukurasa huo ni hesabu ya safari: kila hatua ya mguu uliovimba imo ndani ya samaki yule. Michezo ya kunusurika hujua kumtesa mchezaji kwa njia kama hii, lakini haijui kumlipa kwa sarafu hiyo. Inamlipa kwa nambari. Mtu aliyevuka ziwa lililoganda na mtu aliyetoka chumba cha pili, wote wawili hupata kalori zile zile kutoka kwa samaki yule yule.

Ipo sehemu nyingine ya simulizi hii iliyo tajiri zaidi kwa mhakiki, nayo imetangulia Qalhat kwa kurasa chache. Katika safari ya kutoka Dhofar, mabaharia walikuwa wakivua asubuhi na jioni samaki ambaye kwa Kiajemi huitwa shir mahi, yaani samaki simba. Walimkata vipande, wakachoma, na kila mtu chomboni akapewa kipande kimoja. Hakuna aliyependelewa, hata nahodha. Msafiri, ambaye kwa kawaida ana jicho kali la kuona nani kaketishwa wapi na kapewa nini, analitaja jambo hilo kama la kustahili kukumbukwa.

Halafu kuna ndege. Chombo kilipita kisiwa kilichojaa ndege na mayai. Mabaharia wakawakamata na kuwapika bila kuwachinja. Yeye hakula. Mfanyabiashara mmoja wa Masirah aliyekula pamoja nao alikemewa, akaona haya, akajitetea kwamba alidhani wamechinjwa. Tangu siku hiyo akawa anamkwepa msafiri kwa aibu. Chombo kilipofika Masirah, msafiri hakushuka, na miongoni mwa sababu anazozitoa ni kwamba wenyeji wa huko hula ndege vibudu.

Hapa mtu anaweza kuuliza kama msimamo huo si majivuno ya faqihi. Pengine yamo. Sheria yenyewe inaijua dharura, na mwenye njaa ya kufa huruhusiwa asichoruhusiwa mwingine. Lakini chomboni mle hapakuwa na dharura. Samaki walivuliwa mara mbili kwa siku. Kinachovutia ni kwamba chakula kimeweza kumtia mtu haya mbele ya mwenzake. Don't Starve nao una nyama ya kukatazika: nyama ya mazimwi, ambayo mchezaji akiila hupunguziwa afya na akili. Katazo hilo, hata hivyo, limegeuzwa kuwa gharama. Ukiwa na akiba ya kutosha unaweza kuila, kisha ukaifidia kwa kuchuma maua. Hakuna mfanyabiashara wa Masirah atakayekukwepa kesho yake. Na katika matoleo yanayochezwa na watu wengi kwa pamoja, ambapo ugawaji wa kipande kwa kipande unawezekana, kanuni za mchezo hazina neno juu yake. Uungwana, ukiwapo, huletwa na wachezaji wenyewe kutoka majumbani mwao.

Haitakuwa haki kuiacha michezo ibebe lawama yote. Lipo jambo moja ambalo inalifanya vizuri kuliko Rihla. Ibn Battuta ni mgeni wa kudumu: hakati kuni, hapui moto, hamsafishi samaki. Katika sentensi yake kuhusu Qalhat wanaochoma ni "wao" tu, wasio na jina wala uso. Nani aliyekusanya majani, na kama ni mwanamke au mtumwa, kitabu hakisemi. Michezo ya kunusurika, kwa uchovu wake wote wa kubofya, humrudisha mlaji kwenye kazi iliyofichwa nyuma ya sahani. Mchezaji hufahamu kwamba kabla ya samaki kuna moto, kabla ya moto kuna kuni, na kabla ya kuni kuna saa moja ya mwanga iliyopungua. Ni elimu ambayo wageni wengi wa heshima, wa karne ya 14 na wa leo, hawakuipata.

Vivyo hivyo kiongozi wa njiani. Asubuhi baada ya ule usiku wa migungani alitumwa maji, akayaleta, wakanywa. Tunamjua kwa maneno ya mwenye mkuki pekee. Huenda alikuwa mwizi kweli. Simulizi imepangwa ili tusiwe na shaka. Hata hivyo msomaji mwangalifu ataona kwamba mtuhumiwa huyo hakukimbia alipotumwa peke yake, ingawa ni kweli pia kwamba zile nguo kwa wakati huo zilikuwa zimekwishaondolewa mikononi mwake. Mchezo wa kunusurika ungemfanya adui au ungemwondoa kabisa, kwani aina hii ya sanaa imerithi kutoka kwa Robinson Crusoe wa mwaka 1719 imani kwamba mtu hujulikana vizuri zaidi akiwa peke yake. Rihla haimwondoi. Inalazimika kutembea naye, kumshuku, na kunywa maji aliyoyaleta.

Tofauti ya ndani zaidi iko katika ule mchele. Katika ramani ya mchezo, chakula kipo ardhini kikingoja kuokotwa, na anayekufa njaa amekufa kwa kutojua kutafuta. Qalhat haukuwa mji wa mashamba. Marco Polo, aliyeutaja kabla ya Ibn Battuta, anawaeleza watu wake kuwa waishio kwa tende na samaki wa chumvi. Wali ulikuja na pepo za msimu, kwa jahazi, kwa mkopo na kwa kuaminiana. Ndiyo maana Ibn Battuta anasimulia kwamba chombo kikiwasili wenyeji hufurahi furaha kubwa mno. Watu wa Lamu, Unguja au Sur ambao wazee wao waliwahi kusimama ufukweni wakihesabu matanga hawahitaji kufafanuliwa furaha hiyo. Kunusurika kwao kulikuwa kusubiri pamoja, jambo ambalo hakuna mchezo uliothubutu kulifanya kanuni yake, labda kwa kuwa kusubiri hakuna kitufe.

Ibn Battuta hakuupenda usemi wa watu wa Qalhat. Analalamika kwamba ingawa ni Waarabu, lugha yao si fasaha, kwa maana kila kauli wanaifuatishia neno "la", yaani hapana. Anatoa mifano mitatu ya namna wanavyomsemesha mtu, na kati ya vitenzi alivyovichagua, kilichotangulia kutembea na kutenda ni kula.