Kiazi cha Okidi na Kuvu Wake

Fukua taratibu okidi ya nyasini katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, tuseme ya jenasi ya Satyrium, utakuta viazi viwili. Kimoja kimesinyaa: ndicho kilicholisha shina na maua ya msimu huu. Cha pili ni kigumu, kimejaa. Hicho ni akiba ya mwakani. Mchimbaji wa chikanda anakitaka hicho hicho cha pili. (Kwa asiyeijua, chikanda ni kitoweo kipendwacho Zambia: viazi hupondwa, vikachanganywa na karanga na pilipili, vikapikwa hadi vigande.)

Kiazi kikiondoka, si mbegu zipo? Zipo, tena tunda moja hubeba maelfu. Lakini ni vumbi tupu. Punje ya hindi huuachia mche wake wanga wa kuanzia maisha. Mbegu ya okidi haina kitu. Porini, isipopenywa na uzi wa kuvu wa udongoni, inaoza. Mfaransa Noël Bernard ndiye aliyeligundua hilo, mwaka 1899.

Uzi huo huingia ndani ya seli na kujiviringa humo kama donge la uzi wa kufumia. Siku chache baadaye seli hulimeng'enya donge, ikafyonza sukari na madini. Uzi mwingine ukija, nao huliwa. Vitabu huuita uhusiano huu ushirika. Mimi naona mgeni amealikwa chakula, kumbe kitoweo ni yeye, ingawa zipo okidi ambazo majani yakishatoka humrudishia kuvu sukari.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea: kuvu hakai ndani ya kiazi. Bernard huyo huyo alionyesha kwamba kiazi hutoa kemikali ya kumzuia. Makazi yake ni ile mizizi michache, minene, inayochipua juu ya kiazi. Kiangazi mizizi hiyo hufa, na mvua zikirudi mipya hupata kuvu upya kutoka udongoni.

Kwa hiyo anayehamishia kiazi bustanini amebeba ghala, mshirika amemwacha kule. Kitachipua kwa wanga wake, pengine hata kitoe ua, kisha kidhoofike mwaka hadi mwaka. Ukitaka kuotesha okidi hizi, acha viazi vilipo. Nyunyiza mbegu zilizokomaa pale pale, miguuni pa mmea mama.