Mbao nzuri, lakini darasa liko wapi?

Jessica Wynne, mpiga picha wa Marekani, ana kitabu kinaitwa Do Not Erase, yaani "Usifute". Kimechapishwa na Princeton University Press mwaka 2021. Humo kuna picha za mbao za wanahisabati zaidi ya 100, na kando ya picha wenyewe wameandika maelezo mafupi. Kwa macho, ni kitabu kitamu: michoro, mishale, milinganyo iliyofutwa nusu, vumbi la chaki limebaki kama ukungu.

Shida yangu ni kwamba tunauona ubao kazi ikiwa imeshaisha. Nguvu ya ubao iko kwenye mwendo wake. Mwalimu anayethibitisha kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiandikiki kama sehemu, anaandika mstari mmoja mmoja, kwa kasi ya mkono. Hapo mwanafunzi anapata mwanya wa kuuliza, "Mwalimu, kwa nini a lazima iwe shufwa?" kabla mstari unaofuata haujaandikwa. Kwenye slaidi mistari yote inatokea kwa mpigo, na swali linamfia mdomoni.

Jina la kitabu nalo linanitatiza. Oxford kuna ubao aliotumia Einstein kwenye mhadhara wa Mei 1931, haujafutwa mpaka leo. Mistari ya mwisho inataja msongamano, nusu kipenyo na umri wa ulimwengu. Watafiti waliporudia hesabu zake miaka mingi baadaye, walikuta kosa la namba. Kosa hilo sasa ni kumbukumbu ya makumbusho! Darasani lingefutwa kwa dasta, kazi ikaendelea. Kukosea bila gharama ndiyo zawadi ya chaki.

Sasa turudi kwetu. Tunabishana ubao au projekta, lakini madarasa mengi ubao ni mashine ya kunakili tu: mwalimu anajaza, anafuta, anajaza tena, darasa linaandika kimya. Ukitumika hivyo, umezidiwa na fotokopi. Mimi napima kwa swali moja: kipindi kizima, kuna mwanafunzi aliyeshika chaki, akakosea mbele ya wenzake, akafuta, akaendelea?

Kitabu cha Wynne kitafute, kinastahili. Ila ukikifunga, kumbuka kwamba picha zake zimewaacha nje wanaojifunza.