Kangara Haijatulia, Moto Umeshawashwa

Siku ya tano ya ile video ya kupika chang'aa, mpishi wetu anachovya haidromita kwenye pipa, anasoma 1.000, anaigeukia kamera na kutangaza kwamba sukari imeisha, sasa anapika. Leseni imetundikwa ukutani nyuma yake, tena kwenye fremu. Pipa lenyewe bado lina rangi ya maziwa, na kila mwenye macho aliona viputo vikipanda ukingoni. Hakusubiri hata usiku mmoja. Aliinamisha pipa, akamimina kila kilichokuwamo, cha juu na cha chini, ndani ya mtambo, akawasha gesi moja kwa moja chini ya sufuria.

Mliotazama mnajua kilichofuata. Povu lilipanda hadi kwenye koili, tone la kwanza likatoka na weupe wa tui, naye akailaumu koili. Masikini koili.

Kazi ya siku nne za mwanzo ilikuwa safi: vipimo sawa, pipa lililosuguliwa, joto la nyuzi 28, maganda ya mayai ya kuzuia uchachu uliopita kiasi, na hamira iliyochemshwa kama chakula cha hamira hai. Sina la kuongeza hapo. Ndiyo maana lile kosa la siku ya tano linauma zaidi. Angekuwa mlevi wa kubahatisha nisingepoteza wino.

Turudi kwenye 1.000, maana mambo yaliharibikia pale. Hiyo ni namba ya maji matupu. Alikokotoa kwamba kangara, yaani ule mchanganyiko unaochachishwa pipani, ikifikia uzito wa maji basi sukari yote imekwenda. Lakini pombe ni nyepesi kuliko maji. Kilo 20 za sukari katika lita 100 huanzia karibu 1.076, na zikiisha kweli kangara inashuka chini ya maji, hadi 0.990 au pungufu, kwa kuwa sehemu ya kilichomo imeshakuwa pombe. Ikisimama 1.000, humo ndani bado mna zaidi ya kilo 2 za sukari. Piga hesabu ya bei ya dukani, kisha ukumbuke kwamba sukari hiyo haikupotea tu. Iliingia kwenye sufuria yenye moto chini yake. Sukari na moto hufanya nini, muulize yeyote aliyewahi kutengeneza kashata.

Wapo watakaomtetea, na hoja yao naijua: gesi iliyo ndani ya kangara hushika kwenye kioo cha haidromita, huinyanyua, kwa hiyo usomaji hutoka juu kuliko ukweli. Ni kweli kabisa. Ungeizungusha haidromita kidogo ili viputo vidondoke, pengine ingeshuka. Lakini utetezi huo ndio unaomtia hatiani. Kama gesi ilikuwa nyingi kiasi cha kunyanyua kioo, kangara ilikuwa bado inafanya kazi, na asiyeona hilo hastahili kushika kiberiti.

Tatizo la kizazi hiki ni kuamini namba moja iliyosomwa mara moja. Gay-Lussac, Mfaransa aliyetuwekea hesabu ya kuchacha mwaka 1815, alionyesha kwamba karibu nusu ya uzito wa sukari huondoka ikiwa gesi. Kilo 20 za mpishi wetu zingetoa karibu kilo 10 za gesi, yaani zaidi ya lita 5,000 zikipanda kupitia pipa moja. Ukiwa na mizani ya gunia huhitaji hata haidromita. Pima pipa asubuhi, pima jioni, likiacha kupungua ujue limemaliza. Na ukiwa na haidromita, usomaji unaoaminika ni ule unaorudi uleule siku mbili au tatu mfululizo. Hilo si siri ya maabara.

Gesi hiyohiyo ndiyo inayozuia kangara kutulia, na hapa ndipo wengi huniudhi wanaposema kuisafisha ni urembo. Chembe ya hamira ni ndogo mno, mikroni tano hadi kumi hivi, na ni nzito kuliko maji kidogo tu. Stokes alishaandika mwaka 1851 jinsi chembe ndogo zinavyozama: ukubwa wa chembe ukiongezeka mara mbili, kasi ya kuzama inaongezeka mara nne. Kwa hiyo hamira inayoelea mojamoja hushuka polepole sana, na ile iliyoshikamana mafungu hushuka haraka. Sasa weka viputo vinavyopanda usiku na mchana. Kila kiputo kinabeba chembe kwenda juu, na kila fungu linavunjwa kabla halijafika chini. Kangara haiwezi kutulia huku ikichemka. Kwanza iache kuchacha, kisha ikorogwe kwa mwiko mrefu mpaka gesi iliyonaswa itoke yote, na hapo ndipo iachwe peke yake.

Iachwe wapi? Penye baridi. Mtu wa Limuru au Nyahururu hana haja ya dawa yoyote, usiku wa kwao humfanyia kazi bure. Wa Kisumu na Mombasa wana shida zaidi, na hao siwakatazi bentonaiti, ule udongo wa mfinyanzi unaolowekwa kwenye maji ya moto hadi uwe uji, ukatiwa na kukorogwa, ukazama pamoja na uchafu. Siku tatu au nne, kisha mpira mwembamba unaonyonya kutoka juu, mdomo wake ukiwa vidole kadhaa juu ya mashapo. Lita chache za mwisho huachwa. Mpishi wetu hakuacha hata kijiko.

Wapishi wa zamani wa magharibi ya Kenya niliowakuta mimi hawakuwa na haidromita wala video. Walikuwa na chungu juu ya chungu, bakuli la kupokea ndani, na maji baridi juu ya yote yakibadilishwa kila yalipopata moto. Kangara waliichota kwa kibuyu kutoka juu, taratibu, na kilichobaki chini kilimwagwa au kiliachwa kuanzishia mzigo unaofuata. Walijua kwa pua kwamba chungu kilichoungua hakisameheki. Sukari guru yao, ambayo vijana wanaidharau kwa sababu ya rangi, ilikuwa na madini ambayo sukari nyeupe iliyosafishwa haina, na hamira ilikula ikashiba. Pasteur alihitaji maabara kuonyesha jambo hilo mwaka 1860, alipoilisha hamira sukari, chumvi ya amonia na majivu ya hamira, akathibitisha kwamba sukari pekee si chakula kamili. Na kwa kuwa nimegusa chakula: wale wanaoniandikia kuhusu kuilisha hamira mbolea ya DAP ya kupandia mahindi, jibu ni lilelile. Ile ya gunia haikutengenezwa kwa ajili ya tumbo la mtu. Urea pia iacheni shambani.

Kuna watakaonitajia Cognac, ambako baadhi ya nyumba huchemsha divai pamoja na mashapo yake kwa makusudi ili kupata ladha. Sawa. Ile ni divai ya zabibu iliyokwisha kuchacha, si maji ya sukari yenye deni la kilo 2, na vyungu vyao ni vya shaba, ambayo hukamata harufu ya salfa inayotoka kwenye hamira iliyopasuka. Sufuria ya mpishi wetu ni chuma cha pua kitupu, shaba ameibakiza kwenye koili aliyoitukana. Nao Waskoti wale wanaopika wisiki juu ya moto wa moja kwa moja, hawakuamini bahati. Springbank na Glenfarclas mpaka leo wana minyororo inayozunguka ndani ya chungu cha kwanza, ikikwangua sakafu yake ili kisigande kitu. Mtu mwenye minyororo ya namna hiyo anaweza kuthubutu kupika kangara nzito. Asiye nayo asubiri itulie.

Na ule weupe wa tone la kwanza haukutoka kwenye koili. Hamira na protini zake hushikilia povu, gesi iliyonaswa hutoka yote kwa mpigo joto linapopanda, sufuria iliyojazwa hadi shingoni haina nafasi, basi kangara mbichi inapanda bomba na kushukia kwenye chupa. Wakati huohuo chini, safu ya hamira na sukari imekaa juu ya chuma cha moto bila kusogea, inaungua. Ladha ile ya masizi haitoki kwa kupika mara ya pili, wala kwa makaa ya kuchujia, ambayo naona ndiyo yamekuwa dini mpya ya kuficha dhambi za pipa.

Maoni mengi chini ya video yalihofia methanoli, na hili nalo limenichosha. Sukari tupu haina pektini, na bila pektini methanoli inayotoka ni chembe tu. Waliokufa Nairobi kwa pombe ya kumi kumi mwaka 2000, zaidi ya 100, waliuawa na methanoli ya viwandani iliyochanganywa na watu wenye tamaa. Hakuna pipa la sukari lililowaua. Sheria ya 2010 iliyoiondoa chang'aa gizani, ikataka leseni na chupa, iliwalenga wale. Inasikitisha mtu mwenye leseni ukutani anapopika vibaya kuliko mama aliyekuwa akikimbizwa na askari, lakini chake kitamuudhi mnywaji, hakitamuua. Cha kuogopwa kwenye ile video ni moto wa gesi ulio wazi chini ya sufuria inayofoka kilevi, na hilo hakuna aliyelitaja.

Mwishoni ameahidi kwamba mzigo ujao atatia kilo 30 kwa lita 100 zilezile, ili apate nguvu zaidi. Hiyo ni asilimia 17 na ushee kwenye karatasi. Kwenye pipa, hamira ya mkate aliyoitumia itachoka mapema sana, kama ilivyo desturi yake ikifika asilimia 12 hadi 14, na kitakachobaki si kilo 2 tena. Haidromita itagoma juu ya 1.000, naye, kwa ninavyomjua sasa, atawasha gesi.