Dadu, Ngano na Mizani ya Chai: Suala la Kupima Uwezo wa Mhusika

Makala haya yanakusudia kujadili swali moja: uwezo wa mhusika una thamani gani, na thamani hiyo hupimwa kwa mizani ipi? Katika madarasa ya fasihi simulizi, Kericho na Bomet kama kwingineko, mwanafunzi huzoezwa kuorodhesha sifa: sungura ni mjanja, tembo ana nguvu, fisi ni mlafi. Orodha ikikamilika, uhakiki huhesabiwa kuwa umekwisha. Hoja yetu ni kwamba hapo ndipo unapopaswa kuanza.

Yafaa tutazame kwanza mfano wa mbali, kwa kuwa ndani yake jambo hili limeandikwa kwa tarakimu. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wake. Mhusika hupewa uwezo wa aina sita: nguvu, akili, hekima, uimara wa mwili, wepesi na mvuto. Kila mmoja ulipatikana kwa kurusha dadu tatu, hivyo haukupungua 3 wala kuzidi 18. Mtu angedhani kwamba thamani imekwisha kujulikana, maana 18 ni 18. Sivyo. Katika kanuni za 1974 nguvu nyingi hazikuongeza uzito wa pigo la shujaa. Zilimsaidia hasa kupanda daraja upesi. Mwaka 1975 kitabu cha nyongeza, Greyhawk, kiliyazidishia mapigo yake uzito. Tarakimu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni maswali ambayo iliweza kuyajibu. Vivyo hivyo mvuto uliamua idadi ya wafuasi ambao mhusika angeweza kuwaajiri. Palipokosekana haja ya wafuasi, sehemu hiyo ya thamani yake ililala.

Turudi kwenye ngano. Mwaka 1905 A. C. Hollis alichapisha ngano ya Wamaasai, majirani wa Wakipsigis. Tembo wanakwenda ukweni na asali. Sungura anajiita maskini na kuomba avushwe mto. Akiwa mgongoni mwa tembo anaila asali, na matone yanapodondoka anasema ni machozi yake. Kisha anaomba mawe ya kuwatupia ndege, na kwa mawe hayo anaujaza mfuko alioumaliza. Wahakiki husema upesi kwamba akili imeishinda nguvu. Kauli hiyo ni nyepesi mno. Sungura havuki mto kwa akili peke yake. Anavuka kwa nguvu za tembo. Udogo wake, ambao orodha ingeuita udhaifu, ndio unaomfanya abebeke na aaminike anapolia. Msimulizi hakumpa akili tu. Alimpangia mto, mzigo na mgongo, yaani tatizo ambalo ndani yake akili ina kazi ya kufanya.

Chemosit naye, zimwi ambalo Hollis alilieleza mwaka 1909 katika kitabu chake juu ya Wanandi, ndugu wa Wakipsigis kwa lugha, ni nusu mtu nusu ndege. Ana mguu mmoja, hujikongoja kwa fimbo mfano wa mkuki, na kinywa chake chekundu hung'aa usiku kama taa. Mwanafunzi ataandika: "anatisha". Lakini mng'ao huo una nguvu kwa sababu ya giza. Mchana kweupe ni taa ya bure.

Huenda msomaji akauliza: je, mhusika hana sifa zake mwenyewe? Anazo. Bila ujanja sungura angebaki ukingoni. Tunachokataa ni kuichukua sifa kama bei iliyokwisha kubandikwa. "Mwenye nguvu mpishe" na "Akili ni mali" ni methali zinazokaa katika lugha moja bila kugombana, kwa sababu kila moja ina hali yake.

Suala hili si la darasani tu. Katika nchi ya chai mchumaji wa majani mawili na chipukizi hupimiwa kazi yake kwa kilo. Mashine za kuchumia zilipoingia, vidole vyake havikupungua wepesi. Kilichobadilishwa ni kazi iliyotakiwa, na si yeye aliyeibadilisha. Mei 2023 mashine hizo ziliteketezwa Kericho katika maandamano. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba thamani hukaa ndani ya mtu kama tarakimu atadhani kwamba mama yake mchumaji amepungua. Aliyefundishwa kusoma ngano sawasawa atauliza ni nani aliyepanga tatizo, na kwa faida ya nani.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba swali la "Taja sifa za sungura" lifuatwe na lingine: "Msimulizi amempangia sungura tatizo gani, na ni uwezo gani wa tembo ambao hakuupa nafasi?" Jibu la swali hilo haliwezi kukaririwa, halina budi kutafutwa ndani ya ngano yenyewe.