Msanii Akiulizwa: Tuyasomeje Mazungumzo Yake?

Mhakiki anapokwama katika kazi ya sanaa, hukimbilia kwa mwenyewe. "Mtunzi amesema," anaandika, na hoja imekwisha. Hata mimi nimefanya hivyo, tena kwa kujidai. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mazungumzo na msanii ni matini kama matini nyingine: yana watunzi wawili, yana hadhira, na mara nyingi jibu limeshatungwa ndani ya swali.

Nianze na aibu yangu. Nilipokuwa nakusanya data za tasnifu juu ya mashairi ya muziki wa dansi, nilikwenda kwa mzee mmoja aliyepiga gitaa katika bendi ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nilikuwa na hojaji ya maswali kumi na mawili. La kwanza: "Mzee, nyimbo zenu zilikuwa na ujumbe gani kwa jamii?" Akakaa vizuri, akakohoa, akasema msanii ni kioo cha jamii, kazi yake ni kuelimisha, kuonya na kuburudisha. Jamani! Nani hajawahi kulisikia jibu hilo? Analitoa mwimbaji wa taarabu, analitoa kijana wa Bongo Fleva. Na limetoka wapi kama si kwetu, katika vitabu vya fasihi vya sekondari? Tunamwendea msanii na maneno yetu, anaturudishia, nasi tunayanukuu kama ushahidi.

Watengenezaji filamu nao wanalo. Sembène Ousmane, aliyekwenda Moscow kujifunza sinema akiwa tayari mwandishi wa riwaya, alirudia mara nyingi kwamba kwake sinema ni shule ya jioni, kwa sababu wengi wa watu wake hawakuweza kusoma vitabu vyake. Sisi tuliomsoma katika Hawala ya Fedha tunalipenda jibu hilo. Linafanana na la kwetu. Lakini hebu tazama Mandabi (1968), filamu ya hadithi hiyohiyo. Inaanza na kinyozi anayemnyoa mteja kichwa, kisha anamsafisha hata nywele za puani, taratibu, chini ya mti. Hilo ni somo gani? Picha inasema jambo ambalo mahojiano hayakulisema.

Turudi kwa mzee. Nilikwisha kuzima kinasa sauti. Katika wimbo wao niliouhakiki, ubeti wa pili huimbwa mara mbili, na katika sura ya nne nilikuwa nimeandika kwamba takriri hiyo inasisitiza dhamira ya umoja. Nikamsomea aya nzima kwa fahari. Akacheka mpaka akafuta macho.

"Mwanangu, pale palikuwa na beti la tatu."

Lilikatwa asubuhi ya kurekodi, na watu waliopitia mashairi. Lilihusu foleni ya sukari. Bendi ilikuwa imeshazoea urefu ule, wapiga tarumbeta walishajua wanaingia wapi, basi wakarudia la pili kuziba pengo. Ndiyo takriri yangu hiyo.

Je, uhakiki wangu umeanguka? Si wote. Wasikilizaji wameusikia umoja ukitajwa mara mbili kwa miaka arobaini, na kwao mkazo upo, wala hawakuuliza mkasi ulipita wapi. Lakini sasa najua kuwa umoja ule umeimbwa juu ya sukari iliyonyamazishwa, na hilo ni zito kuliko neno langu "msisitizo". Nakiri kwamba neno hilo bado limo. Tasnifu ilikuwa imeshafungwa jalada.

Tangu siku hiyo nimeusoma upya Wasifu wa Siti binti Saad. Shaaban Robert alizungumza na Siti muda mfupi kabla ya kufariki kwake mwaka 1950, na wengi wetu tumekutana na kitabu hicho shuleni. Siti hakujua kusoma wala kuandika, lakini mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Sasa itafute sauti yake mle ndani. Utapata kazi! Sentensi zimepimwa, mawaidha yamepangwa, na mpangaji ni Shaaban. Sisemi alidanganya. Nasema aliuliza akitafuta mfano mwema, akaupata.

Laura Fair, katika Pastimes and Politics (2001), alipita njia nyingine: aliwauliza wazee wa Unguja walivyozisikia nyimbo zile. Hapo wimbo wa "Kijiti" unakuwa kama rufaa. Mwanamke ameuawa, mtuhumiwa ametorokea bara, na wanawake walioitwa kutoa ushahidi ndio wanaoishia jela. Swali limebadilika, na Siti naye amebadilika.

Bi Kidude alikuwa na dawa yake kwa waulizaji. Umri ndilo swali lililomwandama, na filamu ya Andy Jones ya mwaka 2006, As Old as My Tongue, imechukua jina lake katika jibu la aina hiyo: umri wake ni sawa na wa ulimi wake. Wengine waliambiwa alizaliwa enzi za rupia. Kuna wanaosema ni kutojua tu. Mimi sikubali. Mtu aliyekulia katika taarabu, sanaa ya mafumbo, hajibu kama anayejaza fomu. Kamera ilipomwacha na sigara yake na ngoma yake, ilipata zaidi ya hojaji yoyote, ingawa nayo ina mhariri wake na mkasi wake.

Mwezi uliopita nilirudi kwa mzee bila hojaji. Nilimuuliza tu: "Siku ile mlirekodi mara ngapi?" Akazungumza karibu saa mbili: habari za waya uliokatika, za mwimbaji aliyekuwa na mafua. Alipofika kwenye foleni ya sukari, mkewe akatoka jikoni na upawa mkononi.

"Haikuwa sukari, ilikuwa sabuni. Mimi ndiye niliyekuwa napanga foleni."

Wakabishana. Kinasa sauti, safari hii, kilikuwa kinafanya kazi, na katika daftari langu nimeandika zote mbili.