Kazi ya Risiti Huanza Kaunta

Tangu Januari 1, 2024, sheria ya ushuru wa mapato nchini Kenya haitambui gharama ya biashara isiyo na ankara ya kielektroniki iliyopitia eTIMS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) wa kusajili mauzo. Yapo machache yaliyosamehewa, kama mishahara, riba, tiketi za ndege na mizigo iliyopitia forodha. Mafuta ya kupikia, gesi, sahani za karatasi na nyama ya hafla hayamo kwenye orodha hiyo. Ukinunua vitu vya shilingi 100,000 bila ankara hiyo, hesabu ya ushuru huzichukua shilingi hizo kana kwamba ni faida iliyobaki mfukoni mwako, na kampuni inayotozwa asilimia 30 itazilipia shilingi 30,000.

Nimetanguliza sheria kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu akili unde na risiti huanzia kwenye simu: piga picha, pakia, programu itakupangia. Itakupangia kweli. Swali linaloamua kiasi cha ushuru utakaolipa ni jingine: je, kile kilichopangwa kinatambulika?

Jiko nililolifuatilia kwa ajili ya uchambuzi huu liko Woodley, si mbali na barabara ya Joseph Kang'ethe. Linapika vyakula vya hafla: harusi, matanga, mikutano ya ofisi. Mwenyewe ameniruhusu kueleza kazi ilivyofanyika bila kumtaja. Manunuzi yake ni ya mkaazi yeyote wa upande huu wa Nairobi. Mboga na viungo hutoka soko la Toi, nyama Kenyatta Market, bidhaa za pakiti supamaketi za Ngong Road, na vifungashio mjini kati. Hulipa karibu kila kitu kwa M-Pesa. Kwa hiyo ushahidi wa matumizi yake ulikuwa umetawanyika sehemu tatu: karatasi kwenye droo, ankara za PDF zilizotumwa kwa WhatsApp, na taarifa ya M-Pesa ambayo hakuwa ameifungua tangu mwaka uanze.

Karatasi ndiyo iliyokuwa na haraka. Risiti nyingi za madukani hazichapishwi kwa wino. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi inapopata joto la kichwa cha mashine. Karatasi ya namna hiyo haivumilii joto, mwanga wala mafuta: huweza kuwa nyeusi yote au kupauka hadi maandishi yapotee, na jikoni vyote vitatu vimo. Sheria ya taratibu za ushuru inataka kumbukumbu zihifadhiwe kwa miaka 5. Risiti ya jikoni haitafika huko. Ndiyo maana sharti la kwanza lilikuwa picha ipigwe siku ile ile, risiti ikiwa imelazwa juu ya kitu cheusi, pembe zote nne zikionekana, na picha yenyewe isifutwe hata baada ya kusomwa. Picha ndiyo kumbukumbu. Jedwali linalotokana nayo ni maelezo tu.

Kuhusu usomaji wenyewe, ni vyema kutofautisha aina mbili za programu, kwa kuwa kila moja hukosea kwa namna yake. Ya zamani husoma herufi moja moja. Tesseract, mfano maarufu, ilianza kutengenezwa na Hewlett-Packard mwaka 1985 na ikaachiwa umma mwaka 2005. Programu ya aina hii ikishindwa hutoa takataka: 8 inakuwa B, 5 inakuwa S, mstari mzima unakuwa alama zisizo na maana. Kosa lake linaonekana. Miundo mipya ya akili unde husoma risiti nzima kwa pamoja na kuelewa kwamba kifupi fulani ni mafuta ya kupikia ya lita 5 na kwamba nambari iliyo chini kabisa ni jumla. Huo ni uwezo mkubwa, na umeokoa kazi nyingi hapa. Lakini muundo huo ukikutana na tarakimu iliyofifia huelekea kuijaza kwa kitu kinachofaa mahali pale. Unapata bei safi, yenye sura ya bei, ambayo haikuwahi kuchapishwa popote. Kwa mtu anayetunza vitabu vya ushuru, kosa lililovaa nguo safi ni baya kuliko takataka.

Kwa sababu hiyo maagizo yaliyotolewa kwa programu yaliandikwa hivi: "Soma risiti iliyo pichani. Nipe jina la muuzaji, PIN yake, PIN ya mnunuzi, nambari ya ankara, tarehe, kila bidhaa pamoja na herufi yake ya ushuru, jumla kabla ya ushuru, ushuru, na jumla kuu. Nakili tarehe kama ilivyoandikwa. Penye herufi au tarakimu usiyoiona vizuri andika HAISOMEKI. Usikisie, na usihesabu chochote ambacho hakikuchapishwa." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito. Ukiiachia akili unde kazi ya kujumlisha, itaficha makosa yake yenyewe kwa kuhakikisha nambari zinaoana.

Kujumlisha kulifanywa na jedwali la kawaida la Excel. Bei za bidhaa zilijumlishwa, zikalinganishwa na jumla iliyochapishwa. Palipotofautiana, picha ilifunguliwa na mtu akaangalia kwa macho. PIN ya KRA, yaani nambari ya mlipa ushuru, ina umbo linalojulikana: herufi moja, tarakimu tisa, kisha herufi moja, kwa hiyo chochote kisicho na umbo hilo kilisimamishwa pale pale. Tarehe nazo zilihitaji ulinzi wake: 03/04/2025 kwetu ni Aprili 3, ilhali programu iliyozoea maandishi ya Marekani inaweza kuiweka Machi 4, na ukishavuka mwezi umevuka ritani.

Herufi ya ushuru inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa hapa ndipo jiko linapotofautiana na duka la simu. Kwenye ankara za eTIMS kila bidhaa ina herufi: A ni iliyosamehewa ushuru wa ongezeko la thamani (VAT), B ni ya asilimia 16, C ni ya asilimia sufuri, D iko nje ya VAT, na E ni ya asilimia 8. Risiti moja ya supamaketi huweza kubeba mafuta yenye B na mboga mbichi zenye A. Gesi ya kupikia imekuwa ya asilimia sufuri tangu Julai 2023. Usipoiagiza inakili herufi, programu huelekea kuchukua jumla kuu na kutoa VAT ndani yake kana kwamba kila kitu ni B. Kwa risiti ya shilingi 11,600 iliyo B yote, VAT ni shilingi 1,600. Kama nusu ya kiasi hicho ni bidhaa za A, VAT ni shilingi 800, na anayedai 1,600 amedai fedha ambazo si zake.

Msimbo wa QR ulio chini ya risiti haukuachiwa akili unde hata kidogo. Msimbo huo, uliobuniwa na kampuni ya Denso Wave ya Japani mwaka 1994, umeundwa usomeke kwa usahihi hata sehemu yake ikichafuka. Kuusoma kwa kamera ya simu humpeleka mtu moja kwa moja kwenye ukurasa wa KRA unaoonyesha ankara ilivyosajiliwa. Ikiwa kilichoko pale kinatofautiana na kilichoko kwenye jedwali, jedwali ndilo linalorekebishwa. Sioni sababu ya kumwomba msomaji anayekisia asome kitu ambacho kipo msomaji asiyekisia.

Baada ya hapo ndipo ilipofanyika kazi ambayo kwa maoni yangu inahalalisha matumizi ya akili unde kuliko usomaji wa picha: kulinganisha. Taarifa ya M-Pesa huonyesha kila malipo, saa yake na nambari yake ya muamala. Inathibitisha kwamba fedha zilitoka, lakini haisemi kilichonunuliwa, na kwa hiyo peke yake haiwi ankara. Jina kwenye tili mara nyingi halifanani na jina kwenye ankara, kwa kuwa duka huitwa hivi na mwenye PIN huitwa vile. Ada ya muamala nayo hukaa kwenye mstari wake. Mtu akilinganisha kwa majina atakwama. Programu iliagizwa ilinganishe kwa kiasi na saa kwanza, majina baadaye, na itaje sababu ya kila uamuzi.

Matokeo yaligawanyika mafungu matatu. La kwanza ni malipo yenye ankara ya eTIMS iliyobeba PIN ya jiko. La pili ni malipo yenye ankara halali ya eTIMS lakini nafasi ya PIN ya mnunuzi ni tupu. La tatu ni malipo yaliyoonekana kwenye M-Pesa pekee. Fungu la kwanza halina maneno. Mawili yaliyobaki ndiyo yaliyomfanya mwenye jiko anyamaze kwa muda, kwa sababu mle ndimo zilimokuwa nyama na mboga, yaani moyo wa biashara yake.

Hakuna programu inayoweza kuhamisha malipo kutoka fungu la pili au la tatu hadi la kwanza, na hapo ndipo wauzaji wa programu hizi wanapowapotosha wafanyabiashara wadogo. Kanuni za ankara za kielektroniki za mwaka 2024 zinataka PIN ya mnunuzi iwe kwenye ankara pale mnunuzi anapokusudia kudai gharama hiyo. PIN hiyo huingizwa na muuzaji, kaunta, kabla ankara haijatoka. Aliyechelewa arudi dukani kuomba ankara irekebishwe, na akirudi mwezi wa sita kwa manunuzi ya Januari, asishangae akikataliwa.

Kwa wauzaji wa Toi njia ni nyingine. Mama anayeuza sukuma wiki kwenye kibanda hana mashine, na wengi wao mauzo yao hayafiki shilingi 1,000,000 kwa mwaka. Sheria iliyoanza kutumika Desemba 27, 2024 inaruhusu mnunuzi kutoa ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 5. Nauona huu kuwa uamuzi mwema, kwani unamwondolea mama huyo mzigo bila kumfukuzia wateja. Lakini unamtaka mnunuzi afanye kazi, na unahitaji maelewano kati ya watu wanaofahamiana. Jiko lilianza na wauzaji wale wale wa kila wiki, likiwaeleza kwanza ni nini kitaandikwa na kwa nini.

Lazima pia niseme ni nani asiyehitaji haya yote. Biashara yenye mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka inaweza kulipa ushuru wa mauzo ghafi, TOT, wa asilimia 3, ambao haupunguzwi kwa gharama yoyote. Kwa mauzo ya shilingi 4,000,000 ni shilingi 120,000, basi. Kampuni iliyojitoa huko ikatozwa asilimia 30 ya faida, na ikathibitisha gharama za shilingi 3,700,000, italipa shilingi 90,000. Ikithibitisha 2,500,000 tu, italipa 450,000. Mpaka uko kwenye faida ya asilimia 10 ya mauzo: chini yake risiti zinakulipa, juu yake TOT ni nafuu. Cha kuangalia ni faida inayothibitika kwa ankara. Ile unayoijua moyoni haimo kwenye hesabu hii. Mtu apige hesabu hii kabla ya kununua programu ya kila mwezi. Biashara iliyofikisha mauzo ya milioni 5 yanayotozwa VAT lazima ijisajili kwa VAT, na hapo ankara za manunuzi zinahitajika kila mwezi, kwani dai la VAT uliyolipa lina muda wa miezi 6 tu.

Suala la siri nalipita haraka, ingawa si dogo. Taarifa ya M-Pesa imejaa majina na nambari za simu za watu wasiokuwa na habari kwamba zinapakiwa kwenye kompyuta za nchi nyingine, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawalinda. Kabla ya kupakia, safu yenye majina ya wateja na nambari zao iliondolewa. Kulinganisha kiasi na saa hakukuathirika.

Mwishoni mwa mwaka 2025 KRA ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 mapato na gharama zinazowekwa kwenye ritani zitalinganishwa na rekodi za eTIMS, za ushuru wa zuio na za forodha. Maana yake ni kwamba mashine ya upande wa pili nayo inapanga mafungu yale yale matatu. Kwa hiyo fanya ulinganisho kila wiki, wakati muuzaji bado anakukumbuka, usingoje wakati wa ritani. Na leo, kabla ya jambo lolote la programu, andika PIN ya biashara yako kwenye kikaratasi, kibandike nyuma ya simu unayolipia, na umpe kila anayetumwa sokoni agizo moja: aitaje kabla hajalipa.