Uchoyo wa Msumeno

Fundi wa kawaida akitaka kukarabati bwawa hufunga bomba kwanza. Kule Warm Springs, Bath County, katika jimbo la Virginia, Marekani, hakuna bomba la kufunga. Chemchemi hububujika usiku na mchana, viputo vikipenya kati ya mawe ya chini, maji yakiwa na joto la nyuzi 36 hivi za Selsiasi, karibu sawa na la mwili. Juu yake zimesimama nyumba mbili za mbao za kuogea. Ya wanaume, yenye pembe nane, kwa desturi hutajwa kuwa ya mwaka 1761. Ya wanawake, 1836. Thomas Jefferson alikwenda huko mwaka 1818, mzee wa miaka 75, kutafuta nafuu ya baridi yabisi. Akarudi na majipu! Watu hawakuacha kwenda.

Mwaka 2017 milango ilifungwa kwa kuwa majengo yalikuwa yamechakaa kiasi cha kuhatarisha waogaji. Yalifunguliwa tena mwishoni mwa 2022.

Mvuke unaomfariji mgonjwa ndio huo huo unaozila mbao. Nguzo huoza kuanzia chini, nayo kwa macho huweza kuonekana nzima kabisa. Fundi wa majengo ya kale huigonga akisikiliza, kisha huichoma kwa ncha ya chuma akipanda taratibu mpaka afike mahali mti unapokataa. Hapo ndipo hukata, wala hapandi juu zaidi. Huchonga kipande cha mti wa aina ileile, nyuzi zake zikifuata nyuzi za zamani, na kiungo hukilaza mteremko ili maji yasipate pa kutuama. Kubomoa na kujenga upya kungekuwa rahisi mno; nguvu ya fundi huyu iko katika uchoyo wa msumeno wake. Rangi ikishapakwa, kazi nzima haionekani, na mwenye mali hulipia kitu asichoweza kuwaonyesha wageni.

Mtihani mkubwa kule Warm Springs uko juu. Paa lina tundu wazi katikati, mvua huingia, na mtu mwenye nia njema atatamani kuliziba. Lakini mvuke hutokea hapo hapo. Ukizibwa njia, utatafuta pa kukaa, na utaanza na zile mbao mpya.